Kamera kwenye ndege ndogo: anza ndani, ya bawani muachie fundi

Kila nikiposti klipu ya ziwa iliyopigwa kutoka juu lazima atokee mtu kwenye koment aniulize, "kaka si urushe tu drone yaishe?" Sasa leo nijibu mara moja halafu niwe natuma linki tu. Kwanza drone hapa kwetu ina mambo yake, unatakiwa uwe na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), karibu na uwanja wa ndege ndio usiguse kabisa, na ukiingia hifadhini kama Gombe au Mahale kuna kibali kingine tena. Pili, na hii ndio sababu yenyewe, drone inakuonyesha nchi ilivyo kutoka juu lakini haikuonyeshi KURUKA. Mtu anayeangalia video ya ndege anataka aone usukani ukivutwa, aone bawa likilala upande mmoja na ziwa likipanda dirishani, asikie kapteni anaongea na mnara wa kuongozea ndege. Drone haina hayo.

Mi ni mpiga video wa kawaida tu hapa Kigoma, mwisho wa reli, kazi zangu nyingi ni harusi, sendoff na vikao vya halmashauri (ndio, na hivyo navyo vinalipa). Kwenye ndege niliingia kwa sababu kuna kapteni alitaka video za kumbukumbu za safari zake za kupeleka watalii Mahale, mambo yakaanzia hapo. Ndege ninazozungumzia hapa sio ile Q400 ya Air Tanzania inayokuja na abiria wengi, naongelea hizi ndogo, Cessna 206 na Caravan, zenye bawa juu. Bawa kuwa juu ni bahati kubwa kwa mtu wa kamera, maana chini hakuna kinachokuzuia, unaona maji, mitumbwi, fukwe, kila kitu. Kinachokaa kwenye picha ni ile nguzo ya bawa na tairi tu, na hivyo vyenyewe naviacha makusudi, bila kipande cha ndege kwenye fremu mtu hajui kama yuko hewani au anaangalia ramani ya Google.

Nachotaka kusema kwenye posti hii ni kimoja na nitakirudia mpaka mchoke: vijana wote wanaonifuata inbox wanataka kufunga kamera NJE, kwenye bawa, kwenye mkia, kwenye tairi, na mimi nawaambia anza ndani. Sio kwa woga. Video nzuri nyingi za ndege ndogo mnazozipenda, ukizitazama vizuri robo tatu ya picha zimepigwa ndani.

Ndani napenda sehemu mbili. Ya kwanza ni nyuma ya bega la kulia la kapteni, juu kidogo, kamera inaona mikono yake, saa za ndege (vile vipimo vya dashibodi) na kioo cha mbele kwa pamoja. Ya pili ni dirisha la nyuma la upande wa ziwa. Ile ya bega naifunga na klempu (kibano cha kukaza) kwenye bomba la fremu ya kiti au kwenye kishikio cha mkono kama kipo, kisha nasema, "kapteni naomba uzungushe kila kitu." Hapo anavuta usukani mpaka mwisho, anausukuma mpaka mwisho, kushoto yote, kulia yote, pedali za miguu zote mbili, kiti mbele kiti nyuma, mi nimeinama na tochi ya simu naangalia kama kuna waya au mkono wa klempu unaogusa chochote. Kuna siku waya wa kuchajia ulikua umekaa vizuri kabisa usukani ukiwa katikati, ila ulipovutwa mpaka tumboni ukaanza kukaza. Kapteni hakuongea neno, alinyoosha kidole tu. Tukautoa waya, betri ikatosha. Ndio maana ya kuzungusha kila kitu mkiwa bado chini, hewani hakuna wa kuinama na tochi.

Na tafadhali achaneni na vishikio vya sumaku. Kuna kijana alikuja uwanjani na kishikio chake kipya cha sumaku, kizuri kweli, akakiweka juu ya dashibodi karibu na dira, ile dira ndogo ya kimiminika inayokaa katikati ya kioo. Ikageuka papo hapo, ndege imeegeshwa haijasogea hata hatua lakini dira inadai tumegeukia upande mwingine. Kapteni akamuita, "njoo mdogo wangu uone ulichokifanya," akakitoa, dira ikarudi. Akakiweka tena, ikaondoka tena. Somo la sekunde kumi, na yule kijana mpaka leo anatumia klempu.

Haya, tuje kwenye pangaboi, ile feni ya mbele inayoivuta ndege. Hili ndilo linaulizwa kuliko yote: kwanini pangaboi kwenye video linajikunja kama ndizi, au linatoka vipande vipande vinaelea mbele ya kioo? Ndege haina shida, na kamera yako sio feki. Kamera hizi hazipigi picha nzima kwa mpigo, zinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Chukulia pangaboi linazunguka mara 2,400 kwa dakika, hiyo ni mara 40 kwa sekunde, kwahiyo kamera ikisoma mstari wa juu pangaboi liko hapa, ikifika mstari wa chini pangaboi limeshahamia kule, ukiunganisha unapata ule mkunjo. Kwenye jua letu la saa sita kamera inapunguza mwanga kwa kufunga shata (kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga) haraka sana, mfano 1/2000 ya sekunde, na kwa muda huo pangaboi linakua limesogea nyuzi kama 7 tu, kwahiyo linatoka kali, lina kingo, mkunjo wote unaonekana.

Dawa yake ni kuichelewesha shata. Ukipiga fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30, weka shata 1/60, hapo pangaboi linazunguka karibu theluthi mbili ya duara huku shata iko wazi, kwahiyo linafutika linabaki ukungu mwepesi ambao jicho linaukubali. Tatizo ni kwamba kwenye hizi kamera ndogo, GoPro na ndugu zake, tundu la lenzi mara nyingi halibadiliki, ukichelewesha shata mchana kweupe picha inaungua inakua nyeupe pee. Ndio unaweka filta ya ND mbele ya lenzi, ni miwani ya jua ya kamera basi. Kutoka 1/2000 kuja 1/60 ni stopu tano (kila stopu ni mwanga mara mbili), na stopu tano ni ND32. Asubuhi mapema au kukiwa na wingu ND16 inatosha, jioni jua likizama upande wa Kongo naitoa kabisa. Filta yenyewe ni ndogo, bei sio ya kutisha, na inabadilisha video kuliko kununua kamera mpya. Watu wananunua kamera mpya halafu filta wanaona gharama, sijui kwanini.

Kuna kituko kimoja cha Caravan nakipenda. Pangaboi lake linazunguka taratibu kuliko la 206, mwisho wake ni mizunguko 1,900 kwa dakika. Sasa kapteni akiliweka kwenye 1,800, hiyo ni mara 30 kwa sekunde kamili, na wewe uko fremu 30 bila filta, kila fremu inalikuta palepale, pangaboi linaganda! Ndege iko hewani inakwenda na pangaboi limesimama. Niliposti klipu ya hivyo, shangazi yangu mmoja wa Ujiji akanipigia simu usiku anauliza mlisalimika vipi injini ilipozima.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana, ile stablaizesheni ya kamera (ya kutuliza picha isitikisike) ukiwa ndani ya ndege ZIMA. Najua inauma, ndio tunayoinunulia kamera. Ila ile stablaizesheni inafuata mtikisiko wa kamera ukilinganisha na dunia ya nje, sio na ndege. Ndege ikiinama, kamera inajaribu kubaki imenyooka, matokeo yake dashibodi ndio inaonekana inayumba kwenye fremu na wewe unayeangalia unapata kichefuchefu. Funga kamera kwa nguvu, zima, acha itikisike pamoja na ndege. Mtikisiko wa injini ule mdogo mdogo unaoifanya picha itetemeke kama uji (haya nimeshatumia ndizi, uji ni wa bure) unaupunguza kwa kufupisha mkono wa klempu. Mkono mrefu ndio adui. Kila kiungio unachoongeza, mtetemo unaongezeka.

Dirishani sasa. Madirisha ya ndege hizi ni plastiki sio glasi, yanachubuka kirahisi mno, kwahiyo usipanguse na tisheti yako yenye vumbi la Mwanga, soko letu la hapa mjini. Muombe fundi kitambaa chake na maji yake. Filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, usiweke, kwenye plastiki ile inatoa rangi za upinde wa mvua zimetapakaa picha nzima. Na vaa nguo nyeusi! Shati jeupe linajionyesha kwenye kioo kuliko ziwa lenyewe. Abiria nao kama wanakubali naomba wa siti ya karibu aweke mtandio mweusi mapajani, mama mmoja mtalii alicheka sana ila alifanya.

Sauti nitaipita haraka. Maiki ya kamera inakupa ngurumo tu. Chukua maiki ndogo ya waya ile ya kubana kwenye kola, ipitishe ndani ya hedseti, kati ya sponji na sikio, ifunge na kipande cha tepu, uichomeke kwenye rekoda au simu ya pembeni. Unapata maongezi yote ya kapteni na mnara, safi kabisa, na ngurumo inabaki nyuma kwa mbali. Muombe kapteni ruhusa kabla ya kuyaweka hewani hayo maongezi. Hicho tu.

Sasa nje, maana najua mmekua mnasubiri hapa.

Watu wanadhani kile kikombe cha mpira cha kunata, cha kubandikia kamera, kinashika kwa sababu ya mpira. Kinachokishika ni hewa ya nje inayokikandamiza. Hewa ikipungua, mshiko unapungua. Sisi hapa ziwani tuko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, Tabora wako kama 1,200, kwahiyo hata kabla hujaruka kikombe chako hakina nguvu ile kilichonayo Dar. Ukifika futi 10,000 hewa imebaki kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari. Na wakati mshiko unapungua upepo unazidi, na upepo hauongezeki kidogo kidogo, mwendo ukiwa mara mbili msukumo unakua mara nne. GoPro wenyewe wanakisifia kikombe chao kwamba kimejaribiwa kwenye mwendo wa zaidi ya maili 150 kwa saa, hizo ni kama kilomita 240, na hapo ni mambo ya magari. Caravan inapita kilomita 300 kwa saa. Nilipiga hesabu, kwenye kilomita 250 kamera ya gramu 150 inasukumwa na upepo karibu kilo nzima, bila kutikisika kokote, bila jua kuulainisha mpira ndege ilipokua imeegeshwa kwenye lami.

Ikichomoka inaenda wapi? Nyuma. Na nyuma kuna mkia. Ukiifunga mbele ya mkia umeweka jiwe mbele ya mkia, ukiifunga karibu na viungio vya bawa vile vinavyopanda na kushuka umeweka kabari. Kamba ya usalama ni lazima lakini iwe FUPI, kamba ndefu inaigeuza kamera kuwa nyundo inayogonga bati la ndege mpaka mtue. Halafu kuna ule mrija mdogo unaopima mwendo wa ndege kwa upepo, na vitundu vya pembeni vinavyopima hewa kwa ajili ya saa ya kimo, ukiweka kitu mbele yake hata kama hakijakigusa upepo unavurugika na saa za kapteni zinaanza kusema uongo. Wewe umekaa nyuma unawaza laiki, yeye anasoma mwendo ambao sio.

Kwahiyo utaratibu wangu ni rahisi, nje sifungi mimi. Anafunga fundi wa ndege mwenye leseni, kwa kishikio cha chuma chenye bolti kwenye ile pete ya chini ya bawa wanayofungia ndege kamba isipeperushwe na upepo ikiwa imeegeshwa, na yeye ndiye anayeandika na kusaini kwenye vitabu vya ndege kadri taratibu zinavyotaka. Akisema hapana ni hapana, kapteni akisema hapana ni hapana mara mbili. Shikamoo fundi, asante fundi, unarudi ndani na klempu yako. Nilishawahi kumbembeleza fundi mmoja mzee, akaniuliza, "mwanangu, hiyo kamera ikianguka Mwanga sokoni nani anaenda polisi, wewe au mimi?" Sikua na jibu na sina mpaka leo. Kuna ile video ilizunguka sana mtandaoni 2014, kamera imedondoka kutoka kwenye ndege ya waruka na miavuli huko Marekani, ikazunguka hewani wee ikaishia kwenye banda la nguruwe, na nguruwe akaja kuilamba. Watu walicheka, mi nilikua nafikiria ingekua sio banda. Kwetu hapa nayo ikikosea nchi kavu inaingia Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na kamera imeandikwa inavumilia maji mita 10. Kazi kwako.

Mambo madogo madogo kabla sijasahau. Kamera ikikaa juani kwenye lami ya Kigoma inachemka na kujizima kabla hata kapteni hajawasha injini, kwahiyo naiwasha tukiwa tunaelekea kuruka sio mapema. Hewani ni kinyume, kila futi 1,000 joto linashuka kama nyuzi 2, kwahiyo betri ya nje inaisha haraka kuliko ya ndani. Kadi chukua yenye alama ya kasi ya V30, ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde saa moja inakula kama GB 45, hiyo kadi ya GB 64 uliyopewa na binamu haifiki Tabora na kurudi. Na kapteni HAGUSI kamera, iwe yake iwe yako. Inawashwa chini, inazimwa chini, ikigoma katikati basi imegoma. Hapa huwa namkumbuka yule Mmarekani Trevor Jacob, alijaza kamera kwenye ndege yake Novemba 2021, akaruka nayo California halafu akashuka na mwamvuli akaiacha ikaanguke milimani, yote kwa ajili ya video. Mamlaka ya anga ya Marekani ikamnyang'anya leseni 2022, na Desemba 2023 akahukumiwa miezi 6 jela kwa kuharibu mabaki ili kuwazuia wachunguzi. Views alipata, sikatai.

Lini upige? Watu wa nje wanakuja kiangazi wakidhani ndio anga safi. Agosti na Septemba misitu ya miombo inachomwa kuanzia Tabora mpaka huku, anga ni moshi, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inapotea kabisa na kila picha inatoka ya kijivu. Mi nasema subiri mvua zioshe anga, au piga Mei mpaka Juni mwanzoni wakati nchi bado kijani. Asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuirusharusha ndege. Kusini mwa mji unapata Malagarasi inavyoingia ziwani na maji yake ya tope yanavyochora mstari kwenye bluu, hiyo ndio shoti ninayoipenda kuliko zote na hakuna mtalii anayeigeukia, wote macho yako mbele wanasubiri Mahale na mlima Nkungwe. Mashariki ukifuata reli unaipata Uvinza, halafu misitu isiyoisha mpaka Tabora, hiyo ipige dakika mbili inatosha, samahanini Wanyamwezi.

Na ukiruka kutoka hapa, dakika ya kwanza tu ukiigeukia bandari, ipige hiyo bandari. Mwaka 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia, ndege za Wabelgiji, zile za kutua majini, zilivuka kutoka ng'ambo zikaja kudondosha mabomu hapo hapo, zikiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, na ndio hiyo hiyo meli yetu ya Liemba. Kona ile ya angani inayoniumiza kichwa niipate vizuri bila kivuli cha bawa, kuna mtu aliwahi kuipita akiwa amekaa kwenye ndege ya mbao na kitambaa, hana hata kioo cha maana cha kumkinga upepo.

Mkitaka majina ya filta na klempu ninazotumia semeni kwenye koment niwawekee picha. Video ndefu ya Malagarasi iko tayari, imekwama kwenye bando tu, nikipata wifi ya kuazima kule mjini naipandisha wikiendi hii. Lekadutigite.